Tundu Kwenye Boneti ya Olga

Kila Jumamosi, mwezi Mei ukishaingia, Marit Sorum aliamshwa na kikohozi cha Olga. Olga hakuwa mtu. Alikuwa pikapu ya kijani, kuukuu, iliyomzidi umri hata baba yake Marit. Babu Einar aliiwasha alfajiri ili injini ipate moto wakati yeye mwenyewe akinywa kahawa. Kila mzee wa upande huu wa Montana ana pikapu ya namna hiyo, na ukitaka kuitukana, afadhali umtukane mwenyewe.

Marit alikuwa na miaka kumi na mitatu na kazi zake alizijua. Alipakia vifuko vya mchanga, maji, mikate ya nyama na masanduku ya risasi. Mdogo wake Ansel, wa miaka kumi, alibeba vizibo vya masikio. Meza ya kulengea, yenye miguu mitatu ya chuma na kiti kinachozunguka, Babu aliinyanyua mwenyewe huku akiguna, maana hakumwamini mtu mwingine nayo.

"Olga kaamkaje leo?" Marit aliuliza.

"Kaamka na maringo," Babu alijibu. "Ingieni upesi kabla hajabadili nia."

Walielekea kwenye malisho ya Bi Ardith Kolstad, mjane aliyefuga ng'ombe juu ya uwanda, ng'ambo ya mto. Uwanda ule ulikuwa umetobolewa kama chekecheke. Waliotoboa ni kindi wanene wanaoishi ardhini, ambao wenyeji huwaita mbwa wa nyika kwa sababu hubweka wakiona mtu. Shimo moja halina neno. Lakini mashimo yalikuwa maelfu, na ng'ombe hatazami anapokanyaga.

Babu alisimamisha meza karibu na Olga, akaweka bunduki ndefu juu ya vifuko vya mchanga, akaketi. Kazi hii haina upole, na anayekuambia ina upole hajaifanya. Bunduki ililia, na mbali kule kindi mmoja aliyekuwa amesimama wima juu ya kichuguu chake akapasuka. Kilichobaki ni vipande vya manyoya vikielea na doa jekundu kwenye udongo. Wenzake walibweka, wakazama mashimoni, kisha baada ya muda wakachungulia tena. Bunduki ikalia tena. Mwewe wawili walikuwa wameshatua kusubiri chakula.

Ilipofika zamu yake Marit aliua watatu mfululizo. Wa nne alijeruhiwa tu. Alijikokota kwa miguu ya mbele, utumbo ukimfuata nyuma, na Ansel akafumba macho.

"Mmalize," Babu alisema kwa ukali. "Ulichokianza kimalize. Usimwache kiumbe anateseka."

Marit akammaliza.

Babu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mtu akiondoka mezani, komeo la bunduki, kile chuma kinachosukuma risasi ndani ya mtutu, hutolewa na kulazwa juu ya meza, kila jicho lilione. Ya pili, bunduki haitoki mezani. Huwezi kuiegemeza kwenye dirisha la gari, wala kwenye boneti, wala popote.

"Kwa nini, Babu?" Marit aliwahi kumuuliza.

"Kwa sababu nimesema."

Jua lilikuwa limeanza kuchoma wakati Bi Ardith alipotokea akitembea mbiombio, uso umemsawijika.

"Einar, njoo na bunduki yako ndogo. Ng'ombe wangu mwekundu kaingiza mguu shimoni. Mfupa umetoka nje kabisa."

Babu alitoa komeo la bunduki kubwa, akalilaza mezani. "Hakuna kupiga mpaka nirudi," alisema, akateremka na Bi Ardith kwenye korongo lililokuwa nyuma yao. Punde mlio mmoja ukasikika, na kilio cha yule ng'ombe kikakatika.

Hapo ndipo nyegere alipojitokeza.

Alitoka upande wa pili wa Olga, mpana, amelowa damu usoni, akitafuna kindi aliyeuawa. Mashimo ya nyegere ni makubwa kuliko ya kindi, na Marit alikuwa na hakika kabisa kwamba huyu ndiye aliyemvunja ng'ombe mguu. Aliwazia uso wa Babu akirudi na kumkuta nyegere amelala chini. Alirudisha komeo, akazungusha kiti. Olga alikuwa amemkinga. Kutoka mezani nyegere haonekani.

"Dada, Babu kasema tusipige," Ansel alinong'ona.

"Wewe ziba masikio."

Marit alinyanyua bunduki nzito, akailaza juu ya boneti ya Olga, kifuko cha mchanga chini yake. Akaweka jicho kwenye darubini iliyofungwa juu ya mtutu. Nyegere alijaa ndani ya kioo, safi, kila unywele unaonekana. Akavuta.

Boneti ilifyatuka kama iliyopigwa shoka. Chembe za rangi ya kijani zilimrukia usoni. Alipofumbua macho nyegere hayupo, na katikati ya boneti, pale chuma kilipoinuka kidogo, kulikuwa na mpasuko mrefu kama kiganja, kingo zake zikimetameta.

Marit hakuelewa. Alikuwa ameona njia nyeupe mpaka kwa nyegere. Kumbe darubini ndiyo iliyoona. Mtutu ulikuwa chini yake, kiasi cha vidole viwili tu, nao ulikuwa umeelekea kwenye mgongo wa boneti.

"Umempiga Olga!" Ansel alipiga kelele.

"Nyamaza!" Marit alimkamata mkono. "Ukimwambia Babu, hutakuja huku tena maisha yako yote. Apa."

"Lakini dada—"

"Nimekwambia apa!"

Ansel aliapa. Marit alichota tope kwenye tairi, akalisiliba juu ya mpasuko. Olga alikuwa na tope mwili mzima, kwa hiyo kiraka hakikuonekana. Akarudisha bunduki mezani, akatoa komeo, akaketi kama mtoto mwema.

Babu alirudi na damu mpaka kwenye viwiko, maana alikuwa amemsaidia Bi Ardith kumchuna ng'ombe ili nyama isipotee. Hakuwa na raha.

"Nimesikia mlio huku."

"Nilimpiga kindi, Babu. Nikamkosa."

"Nilisema msipige. Ulipiga ukiwa mezani?"

"Ndiyo, Babu. Mezani."

Uongo ulimtoka kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe. Babu alimtazama, akapangusa mikono kwenye nyasi, akasema wafungashe. Bi Ardith angewafuata na gari lake akishamfunika ng'ombe kwa turubai.

Ndani ya Olga, Ansel aliketi katikati. Marit aliketi mlangoni, na kwa desturi ya huko anayekaa mlangoni ndiye anayefungua mageti. Walipofika kwenye geti la waya, Babu alikanyaga breki. Kanyagio liliingia ndani kupita kiasi, akalazimika kulisukuma mara kadhaa ndipo Olga akasimama.

"Una nini leo, mama?" Babu aliliambia gari.

Marit alishuka, akafungua geti, na Olga alipopita akalifunga. Alipogeuka aliona mstari mwembamba wa unyevu vumbini, ukitoka walikotoka mpaka chini ya tumbo la Olga. Aliugusa kwa kidole. Uliteleza, haukuwa maji. Babu alikuwa amemfundisha mwenyewe kuongeza mafuta ya breki, na harufu yake aliijua vizuri.

Kumbe kipande cha risasi kilikuwa kimeingia ndani, kikajeruhi bomba la breki, na kila mara Babu alipokanyaga, mafuta yalikuwa yakimwagika. Aliingia ndani ya gari, akafungua kinywa. Ansel alikuwa akimkodolea macho, akisubiri. Marit aliona jinsi Babu atakavyomgeukia, jinsi atakavyouliza, "Na ukasema ulikuwa mezani?" Akafunga kinywa. Nitamwambia tukifika nyumbani, alijidanganya.

Olga akaanza kuteremka.

Barabara ile imechongwa ubavuni mwa kilima. Kulia ni ukuta wa udongo na mawe, kushoto ni hewa tupu, na chini kabisa ni mto wenye daraja la mbao lisilopitisha magari mawili. Mwendo uliongezeka. Babu alikanyaga breki, kanyagio likalala sakafuni. Akakanyaga tena, na tena. Hakuna kitu.

"Shika, shika, mama!" Babu alisema, akizidi kukanyaga.

"Babu, haitashika!" Marit alipiga kelele. "Niliipiga boneti! Risasi imetoboa bomba, mafuta yote yamemwagika! Nilikudanganya, Babu, sikuwa mezani!"

Babu hakumtazama. Aliacha kukanyaga breki mara moja. Alivuta breki ya mkono, waya ukakatika, mpini ukabaki mkononi mwake. Akasukuma gia ya chini kwa nguvu zake zote, Olga akalia kama mnyama anayechinjwa, mwendo ukapungua kidogo, lakini si kiasi cha kutosha. Daraja lilikuwa linakuja.

"Inameni! Kichwa magotini!"

Akakata usukani kulia, akampeleka Olga ukutani.

Mlio ule Marit angeusikia masikioni kwa wiki nyingi. Chuma kilisaga mawe, kioo cha mbele kikamwagika mapajani mwao, na meza ya kulengea iliruka kutoka nyuma, ikavunja dirisha, mguu wake mmoja ukampiga Babu begani kwa kishindo. Olga alipanda ukuta, akayumba, akaanguka ubavu. Mikanda ya viunoni iliwaning'iniza. Kisha kukawa na sauti ya mvuke tu.

"Ansel! Marit!" Babu aliita, sauti ikikwaruza.

"Nipo," Marit alisema. Damu ilimtiririka kwenye paji la uso. Akamshika mdogo wake. Ansel alikuwa amejigonga kwenye dashibodi. Mdomo ulikuwa umechanika na meno mawili ya mbele hayapo. Alitema damu, akamtazama dada yake.

"Sikusema, dada," alisema kwa shida. "Niliapa."

Marit aliangua kilio. Hakuwahi kusikia neno lililomuuma kama hilo.

Bi Ardith aliwakuta wameketi kando ya barabara. Aliwapakia, akawakimbiza zahanati. Babu alikuwa amevunjika mfupa wa bega. Ansel alishonwa mdomo. Marit alishonwa paji la uso, na hakulia tena, ingawa nesi alimwambia alie tu akitaka.

Jioni walikuwa jikoni kwa Bi Ardith, mbele ya supu waliyoshindwa kuinywa. Marit alisimama.

"Babu, nisamehe. Nimemuua Olga."

"Keti," Babu alisema. "Olga ni chuma. Chuma hubandikwa kiraka, na kikishindikana, hutupwa."

"Na wala usidhani wewe ni wa kwanza," Bi Ardith alidakia. "Wilaya hii imejaa pikapu zenye matundu. Marehemu mume wangu alipiga boneti yake mwenyewe, na kabla ya hapo alipiga kioo cha pembeni. Darubini juu, mtutu chini. Huwakuta wote wenye haraka."

"Sheria niliiweka kwa sababu hiyo," Babu alisema. "Nilipaswa kukueleza, si kukutupia amri. Hilo ni langu. Lakini sikiliza yaliyo yako. Mkono ukikosea, mtu husema. Ungeniambia pale pale, ningekufokea mpaka masikio yakuwake. Halafu tungeketi kwenye nyasi, tule mikate, tumsubiri Ardith atuvute kwa kamba. Gharama yote ya ukweli ingekuwa hiyo, kufokewa tu. Pale getini bado ilikuwa hiyo hiyo. Kwenye mteremko tayari ilikuwa meno na mifupa. Kama usingesema kabisa, ningeendelea kukanyaga breki mpaka mtoni, na saa hizi wangekuwa wanatutafuta majini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Babu."

"Bado." Babu alimwelekezea kidole Ansel. "Huyu alijua. Aliketi katikati yetu, anajua, anaogopa, na hawezi kusema, kwa sababu wewe mkubwa wake ulimfunga ulimi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bega. Uongo wako ni wako, ubebe mwenyewe. Usimtwishe mtoto."

Marit alimgeukia mdogo wake. Mdomo wa Ansel ulikuwa umevimba, nyuzi nyeusi zimejitokeza.

"Kile kiapo nakifuta," alisema. "Na nisamehe. Siku yoyote ukijua jambo linaloweza kumuumiza mtu, sema, hata kama ni mimi niliyekukataza."

"Hata ukinikasirikia?"

"Hata nikikukasirikia."

Ansel alifikiri kidogo. Kisha akamgeukia Babu.

"Babu, alinifinya pia."

Bi Ardith aliziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Babu alimtazama Marit, nyusi juu, akisubiri.

Marit uso ulimwiva. Lakini safari hii hakungoja kuulizwa.

"Ni kweli, Babu," alisema. "Nilimfinya. Mara mbili."