Inday Yupi?

Kila Jumatatu, kabla bendera haijapandishwa, Liezel Divinagracia alifungua chumba cha gazeti na kubandika toleo jipya ubaoni. Alikuwa darasa la sita, mhariri wa gazeti la shule yao mjini Iloilo, Ufilipino, na kazi hiyo aliifanya mwaka mzima bila kukosa.

Jumatatu moja, habari aliyoibandika Ijumaa bila kusubiri siku yake ilikuwa bado inasomwa. Wiki iliyopita watu wasiojulikana waliingia kwenye mtandao wa shule, wakachukua namba za simu za wazazi, na wazazi wakaanza kupokea ujumbe wa kitapeli. Kila mtu alitaka kujua nani kahusika. Liezel ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika: "Mdukuzi ni Inday wa darasa la sita."

Shahidi alikuwa naye. Manang Pasing, mama anayesafisha maktaba, alimwambia, huku ameinamia ndoo yake bila kumtazama anayeuliza, kwamba Jumatano mchana alimwona Inday peke yake kwenye kompyuta ya maktaba. Na darasani aliyejulikana kwa jina la Inday alikuwa mmoja tu, Inday Palmares, anayejua kompyuta kuliko wote.

Sasa dawati la Inday lilikuwa tupu; alikuwa ameambiwa abaki nyumbani. Keshokutwa mkuu wa shule angekaa na walimu kuamua kama afukuzwe.

"Mwandishi mkuu," Jomel, mwenzake darasani, alimtania, "leo unamfukuzisha nani?"

Wenzake wakacheka. Liezel alimega mkate wake wa pandesal, akatafuna, asisikie ladha yoyote. Alilitazama lile dawati kama mtu anavyotazama ukuta.

Mwalimu Jaranilla, mlezi wa gazeti, alikuwa safarini wiki nzima iliyopita. Alimuuliza Liezel nani alimwambia, alimuuliza nani mwingine, na Inday mwenyewe alisemaje. Swali la kwanza Liezel alilijibu. Mengine hakuwa amemuuliza mtu yeyote.

"Basi anza upya," mwalimu alisema. "Sisemi umekosea. Sijui bado. Na wewe hujui."

Liezel alimkuta Manang Pasing maktabani akikamua tambara.

"Manang, yule Inday uliyemwona ni Inday yupi?"

"Yupi tena? Kwangu kila msichana ni Inday. Wewe nakuitaje siku zote?" Akamtazama vizuri, akacheka. "Unanitania, mwanangu. Si ulikuwa wewe? Ulinyanyua miguu nikadeki chini ya kiti."

Iloilo nzima watu wazima huwaita wasichana hivyo. Liezel aliitwa Inday tangu anatambaa, na alikuwa hasikii tena.

Hakulia. Aliandika daftarini saa, mahali na maneno ya Manang, kisha akaenda kwa mwalimu wa kompyuta. Kumbukumbu za kompyuta ya maktaba zilionyesha kwamba Jumatano, saa sita na dakika arobaini, kuna mtu alifungua ujumbe ulioahidi kamera za bure kwa magazeti ya shule, akajaza neno la siri. Nusu saa baadaye wezi waliingia kutoka mbali kwa neno hilo. Liezel aliukumbuka ujumbe ule. Kamera ile aliitaka sana. Na neno la siri alilopewa kwa kazi ya gazeti lilikuwa hilohilo linalofungua mtandao wa ofisi nzima.

Jioni alikwenda kwa kina Inday. Inday alisimama getini, asimkaribishe ndani.

"Jumatano nilikuwa nang'olewa jino," alisema. "Ungeniuliza ningekuonyesha pengo."

Liezel aliandika hilo pia.

Kesho yake asubuhi, alipoonyeshwa daftari la Liezel, mkuu wa shule alishauri iandikwe tu kwamba tatizo limekwisha. Habari za neno la siri zingewafanya wazazi walalamike. Mwalimu Jaranilla alimjibu kwa heshima kwamba wazazi ndio wanaopaswa kujua kuliko wote, maana kesho ujumbe kama ule unaweza kuwafikia wao. Mkuu akakubali.

Jumanne hiyo ubaoni, mahali palepale na kwa herufi kubwa zilezile, palisomeka: "Gazeti hili lilikosea. Inday Palmares hakuhusika. Aliyetoa neno la siri bila kujua ni mhariri, Liezel Divinagracia." Chini yake ulielezwa ule ujumbe ulivyokuwa na namna ya kuutambua.

Kikao cha kesho yake kikafutwa, na maneno ya siri yakabadilishwa. Jumatano Inday alirudi, akasimama mbele ya ubao, akasoma hadi mwisho.

"Umeandika Inday tena," alisema. "Kwenye rejista naitwa Rhodora."

Liezel akachukua kalamu, akasahihisha palepale. Hakujua kama amesamehewa, na hakuuliza. Alimwambia Mwalimu Jaranilla kwamba pengine gazeti lipewe mtu mwingine.

"Hapana," mwalimu alisema. "Habari ya wizi wa mtandaoni inawakuta watu wana hofu tayari. Mwenye hofu anataka jina, na jina lolote litamtosha. Sisi kazi yetu ni kumweleza kilichotokea, tulivyokijua, na kipi hatukijui. Tukikosea, tunaanza kwa kujitaja wenyewe. Jana uliifanya kazi hiyo. Nataka uifanye tena Jumatatu, ila safari hii uulize kwanza."