Mdomo wa Ouma

Nelima alikuwa jirani yetu pale Kiganjo, na haya yalimpata yeye na mumewe. Wala si zamani.

Mumewe, Ouma, alikuwa na kichwa cha mpira. Alijua timu ipi huchoka ikicheza ugenini, golikipa yupi anaficha bega bovu, kocha gani yuko karibu kufukuzwa. Alipoachishwa kazi kiwandani hapa Thika, rafiki yake Njau akamshauri wafungue biashara. Ouma apige hesabu za mechi, Njau atafute wateja. Wakakodi chumba cha ghorofani Ruiru, karibu na stesheni, wakawa wanauza ubashiri. Mtu analipia, na Jumamosi anatumiwa kwenye simu matokeo ya kubeti.

Njau huyo ndiye aliyewasimamia harusi. Binti yao Trizah alipobatizwa, Njau ndiye aliyemshika mbele ya pasta. Nelima alimwita ndugu yangu, na alimaanisha.

Biashara ilisimama vizuri, kisha ikayumba. Wikendi baada ya wikendi mikeka yao ya kubeti ilichanika, wateja wakatukana, wakahama. Hapo ndipo Njau alipoazima sweta ya Ouma, akasema anakwenda kwao Ngoliba na asubuhi kuna baridi.

"Ngoliba na joto lile?" Nelima aliuliza, akicheka.

Njau hakucheka. Aliporudi hakuwa na ile sweta, ila alikuja na kiti kikuukuu cha mbao chenye mito.

"Kilikuwa cha guka, babu yangu," alimwambia Ouma. "Umechoka, boss. Ukishakula lunch, lala hapo kidogo. Simu niachie mimi."

Tangu siku hiyo hawakukosea hata mechi moja.

Ouma mwenyewe hakuelewa. "Hizo hesabu si zangu," alimwambia mkewe. "Nikiamka nakuta Njau ameshazituma. Anasema nilimwambia mimi."

Nelima hakutilia maanani. Wateja walikuwa wamerudi na mumewe alikuwa analala usingizi mzuri. Alitaka nini tena?

Kisha Wanja, mama mboga ambaye Ouma hununua kwake kila jioni, akamwita kwa jina. Ouma akamtazama, akapita. Nelima akadhani ni mawazo ya kazi.

Baadaye ikalia simu kutoka Busia. Ouma aliisikiliza, akaikata.

"Kuna mama fulani analia," alisema. "Ati mimi ni mtoto wake. Hawa matapeli siku hizi hawana haya."

Nelima akaichukua ile simu, akatazama namba. Alikuwa ni mama mkwe.

Hospitalini walimpima kichwa, wakampima damu. Hawakuona kitu. Njau alikuja nyumbani na matunda, akakaa, akamshika Nelima bega. "Ni stress tu, shem. Usimfungie nyumbani. Mwache aje kazini, atarudi sawa."

Nelima akamshukuru. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Alimshukuru.

Ijumaa iliyofuata, Trizah alimwona baba yake langoni akamkimbilia, mikono juu. Ouma akasogea kando ili mtoto apite.

"Mtoto mzuri," akasema kwa upole. "Ni wa nani?"

Kesho yake, Jumamosi, Nelima alimwacha Trizah kwa Wanja, akapanda treni mpaka Ruiru. Ilikuwa mchana wa jua kali. Chini ya lile jengo watu walikuwa wakiuza mitumba, redio inaimba. Akapanda ngazi. Kadiri alivyopanda, redio ilififia. Juu kabisa hakuisikia tena.

Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Ouma alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa nyuma. Njau amepiga magoti kando yake, mdomo karibu na sikio, kama mtu anayeungama.

"Na hii ya saa kumi?" Njau alinong'ona.

Midomo ya Ouma ikasogea. Macho hayakufunguka.

"Mbiri kwa moja."

Haikuwa sauti ya Ouma. Ilikuwa ya mzee, mwenye lafudhi ya kwao Njau. Ouma ni mtu wa Busia, hajawahi kuchanganya ele na ere maisha yake yote.

Njau akaandika kwenye simu.

"Niripe," ile sauti ikasema.

Njau akajipangusa jasho. "Mama yake nilikupa. Mtoto nilikupa."

"Niripe."

Nelima alitaka kupiga kelele. Badala yake akashika kitasa.

"Sawa," Njau akanong'ona. "Ana bibi. Anaitwa Nelima."

Nelima akausukuma mlango. Akampita Njau, akamshika mumewe mabega, akamtikisa kwa nguvu zake zote.

"Ouma. Ouma, ni mimi. Amka."

Ouma akafungua macho. Akamtazama. Akajiweka sawa, akarekebisha kola ya shati, kama mtu aliyekutwa na mgeni.

"Habari yako, mama," akasema. "Nikusaidie na nini?"

Nelima akamgeukia Njau.

"Haumii, shem," Njau akasema polepole. Hakuweza kumtazama usoni. "Ni kusahau tu. Guka asipolipwa atanigeukia mimi, na sikuwa na mtu mwingine wa karibu." Akarudi nyuma, akashuka ngazi mbio.

Nelima alimleta Ouma nyumbani akiwa amemshika mkono. Alikuja bila ubishi. Anaishi naye mpaka sasa kama mpangaji mwenye adabu. Anaomba ruhusa kabla ya kukaa, anashukuru kwa chakula.

Siku chache baadaye Nelima akaenda Ngoliba kumtafuta Njau. Alitaka amrudishie mtu wake. Boda boda aliyempeleka alijua pale pa kwenda. "Njau nilimleta mimi asubuhi hii. Aliingia mlango ule pale. Sijamwona akitoka."

Mama yake Njau, mama Mumbi, alikuwa mezani. Alimkaribisha vizuri.

"Namtafuta Njau, mama."

"Njau yupi?"

"Mtoto wako."

Mama akatafakari kweli, bila hasira. "Mungu hakunipa mtoto wa kiume, maitu, binti yangu. Umepotea boma."

Nelima akatazama chumba. Hapakuwa na mtu mwingine. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa mkononi mwa mama. Kile kingine kilikuwa ng'ambo ya meza, mbele ya kiti kitupu, kimenywewa nusu. Bado kilikuwa kinatoa mvuke.

"Na hicho ni cha nani, mama?"

Mama Mumbi akakitazama muda mrefu.

"Sijui," akanong'ona. "Nimekaa nikijiuliza."