Laptop Nyembamba Aliyompa Mama Mkwe

"Keli, hii laptop inacheza mezani."

"Inacheza vipi?"

"Haitulii. Nikiandika upande huu, upande wa pili unanyanyuka. Jana ilikuwa imelala kama karatasi."

Maca aliisikia mvua ikipiga bati kule dukani alikokuwa Keli, mvua ileile iliyokuwa ikichapa dirisha lake.

"Chomoa chaja," Keli akasema. "Usiifunge. Usiibonyeze. Ibebe taratibu ukaiweke barazani, chini kwenye saruji, mbali na pazia."

"Mbali na pazia kwa nini?"

"Fanya tu, mpenzi. Nakuja."

"Keli, mimi nimekwambia inacheza. Sijakwambia ina hatari."

Simu ikakatwa.

Maca alibaki ameshika simu, macho kwenye ile mashine. Jina lake kamili ni Vasemaca, ila mji mzima wa Suva ulimjua kwa hilo fupi. Kazi yake ilikuwa kuchambua vifaa: simu, redio, kompyuta, chochote chenye waya. Anakaa nacho, anakitumia, kisha anajirekodi na kuweka video mtandaoni. Mpaka visiwa vya mbali watu walikuwa hawanunui kitu kabla hawajasikia Maca amesemaje, kwa sababu kibaya alikiita kibaya.

Laptop iliyokuwa mbele yake iliitwa Orela. Walioingiza Orela Fiji ni kampuni aliyofanyia kazi Isikeli, yaani Keli, mchumba wake, akiwa msimamizi wa mauzo. Maca hakuwaficha wafuasi wake. Aliwaambia mapema, "Anayeiuza ni mtu wangu, kwa hiyo mnisikilize kwa sikio la tatu."

Nusu ya kwanza ya video alishairekodi, na ilikuwa sifa tupu, sifa za haki. Orela ilikuwa nyepesi kiasi kwamba uliitia kwenye mkoba ukaanza kuipapasa kuona kama umeisahau nyumbani. Skrini iling'aa, rangi zimekolea. Vibonye vyake vilikuwa laini, unaandika bila kelele. Umeme ukikatika asubuhi, inakuvusha mpaka jioni. Nusu ya pili, ya kasoro, alikuwa ndiyo anaianza: matundu ya kuchomekea ni mawili tu, huwezi kuifungua ukaongeza chochote ndani, na ukiipakata inaunguza mapaja. Aliandika hilo la joto kama jambo dogo. Sasa alilitazama tena.

Aliichomoa chaja. Akaitelezesha laptop juu ya sinia la kuokea na kutembea nayo kuelekea barazani, pumzi ameibana, kama mtu aliyebeba nyoka aliyelala. Alipoitua kwenye saruji akasikia ndani yake kitu kimelia, *tik*. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota mlangoni.

Keli alifika amelowa chapachapa. Kwapani alikuwa na boksi jipya la Orela, mkononi ndoo ya mchanga.

"Hii ni nzima," akasema, akinyoosha boksi. "Rekodi na hii. Ile niachie mimi."

"Mtu anayekuja kubadilisha laptop haji na ndoo ya mchanga."

"Maca..."

"Kaa chini uniambie."

Keli hakukaa. Alikwenda barazani kwanza, akaimwagia ile mashine mchanga mpaka ikafunikwa yote. Hakufanya utani hata mmoja. Hapo ndipo Maca alipoogopa kwelikweli, maana Keli alikuwa mtu wa kucheka hata kimbunga kikitangazwa.

"Ya kwanza ilivimba mjini Lautoka," Keli akaanza, bado amempa mgongo. "Tukasema ni moja tu. Ikafuata Labasa. Ya mwalimu mmoja ikatoa moshi juu ya meza, mbele ya wanafunzi."

"Lini hiyo?"

"Kabla ya Pasaka."

"Pasaka ilishapita zamani, Keli."

"Najua. Nadhani ni betri. Wameifanya nyembamba mno, na hapa kwetu joto na unyevu haviishi, haina pa kupumulia. Nilimwambia bosi. Akasema tungoje jibu la kiwanda, na atakayefungua mdomo kabla ya hapo atafute kazi nyingine. Nilitaka kukwambia. Kila siku nilitaka."

"Kila siku ulikuwa unakula mezani kwangu, na hiyo kitu iko mezani."

"Nilidhani yako haitavimba."

"Ulidhani, au uliomba Mungu?"

Keli akausawazisha mchanga kwa mguu. Maca akafungua mdomo aendelee, akakumbuka kitu.

"Keli. Ile uliyompelekea Mama siku ya posa."

Keli akafumba macho.

"Ni ya mzigo huohuo?"

"Nilipanga kuibadilisha Jumamosi."

"Leo ni Jumamosi."

Mama yake Maca, Bi Merewalesi, aliishi peke yake mjini Nausori, ng'ambo ya daraja la mto Rewa, kwenye nyumba ya mbao. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na nyumba yake ilijaa vitambaa kuanzia mlangoni hadi chumbani. Laptop aliipenda kuliko kitu chochote, kwa sababu kila Jumamosi jioni mwanawe wa kiume, askari wa kulinda amani nchi za mbali, alimpigia kwa video. Akimaliza kuongea naye huwa anaifuta kwa upande wa kanga na kuilaza kitandani.

Maca alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Hapokei. Leta funguo."

"Naendesha mimi."

"Basi endesha."

Barabara ya kwenda Nausori siku ya mvua haina huruma. Maji yalikuwa yamefunika mitaro, magari yanafuatana polepole kama msafara wa mazishi. Keli alikuwa akiendesha kifua kwenye usukani. Maca alipiga tena na tena, na kila mara simu iliita bure.

"Labda yuko kwaya," Keli akasema.

"Usiniambie labda. Labda zako ndizo zimetufikisha hapa."

"Maca, nisikilize."

"Ukisema neno moja la kujitetea nashuka nakwenda kwa miguu."

Walipokaribia daraja, simu ikalia kidogo mkononi mwake. Ujumbe.

"Mama huyo," akasema, na machozi ya nafuu yakamtoka kabla hajausoma. Akaanza kuusoma kwa sauti:

*"Nilikuwa jikoni sikusikia simu. Ile laptop ya Keli imenenepa tumbo, haifungi. Nimeiwekea cherehani juu ibanike. Iko kwenye chaji ijae, kaka yako akipiga jioni nisihangaike. Mvua huku kubwa. Najilaza kidogo."*

Keli akageuka kumtazama.

"Ameiwekea cherehani," Maca akarudia. "Keli, ameiwekea chuma juu."

"Mpigie. Mwambie atoke nje."

Akapiga. Simu haikuita tena. Mvua ilikuwa imeondoka na mtandao.

Keli akawasha taa zote, akaupigia honi mfululizo ule msafara, akalipitisha gari upande wa pili wa barabara. Mtu mmoja kwenye lori alimtukania mama yake. Hakugeuka.

Walipopiga breki uani kwa Bi Merewalesi, nyumba ilikuwa imesimama vilevile, mlango uko wazi, mvua inamiminika kutoka kwenye bati. Hakukuwa na moshi. Maca alianza kumshukuru Mungu, ndipo pua yake ikakamata harufu, tamu na kali, kama rangi ya kucha.

"Baki hapa," Keli akasema.

"Yule ni mama yangu."

Waliingia pamoja. Bi Merewalesi alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa karibu kabisa na meza ya kushonea. Juu ya meza cherehani la chuma, chini ya cherehani laptop, na pembeni rundo la sare za bluu. Pale laptop ilipobanwa kulikuwa na sauti ndogo, ya maji yanayoanza kuchemka.

Maca alimshika mama yake kwapani akamburuta. Mama akaamka akifoka.

"We mtoto, una wazimu? Nini hii?"

"Twende nje, Mama. Twende."

Nyuma yake Keli aling'oa waya ukutani, akalinyanyua cherehani kwa mkono mmoja na laptop akaichukua kwa mkono wa pili. Maca alisikia *fsss*, akageuka. Moshi mweupe ulikuwa ukifyatuka ubavuni mwa ile mashine. Keli alikimbia nayo, ameinyoosha mbele, akampita Maca na mama yake mlangoni. Alipofika kwenye ngazi ikalipuka moto mkononi mwake. Hakuiachia kwenye mbao. Aliiachia kwenye tope la uani, akaanguka magoti, na ile mashine ikaendelea kuwaka ndani ya mvua kama kwamba mvua haiijui.

Bi Merewalesi alikaa kwenye ngazi, kanga imemwanguka.

"Kumbe kitu kizuri hivi kinaweza kuua mtu," akasema polepole. Kisha akauona mkono wa Keli, ngozi imeanza kutoa malengelenge. "Mwanangu, umeungua. Maca, mshike mwenzio. Kama si huyu leo mngenikuta majivu."

Maca hakusogea. Alimtazama Keli, akangoja. Mwenyewe hakutaka kusema, alitaka kuona kama Keli atasema.

Keli aliinua uso, mvua inamtiririka.

"Usinishukuru, Mama. Nilijua."

"Ulijua nini, baba?"

"Nilijua zinavimba. Nilijua na yako ni mojawapo. Niliogopa kazi, nikanyamaza. Nikakuacha ulale nayo."

Bi Merewalesi akasimama. Halafu akafunga kanga yake, akaingia ndani.

Maca alimpeleka Keli hospitali, akamsubiri mpaka mkono ukafungwa. Mlangoni kwa Keli alivua pete yake ya uchumba akaitia kwenye mfuko wa shati la Keli.

"Maca, naomba..."

"Si leo."

Kesho yake alirekodi nusu ya pili. Hakupiga kelele. Alirudia sifa zote alizozitaja, wepesi, skrini, vibonye, chaji, akasema zote ni kweli na wala hatazifuta. "Lakini wembamba wake ndio uzuri wake, na ndio ugonjwa wake," akasema. "Ukiona imeanza kucheza mezani, chomoa chaja, usiibonyeze, itoe nje. Mama yangu aliibonyeza. Ninyi msiibonyeze." Akaonyesha picha ya ile meza ya kushonea ya mama yake, iliyobabuka kwa joto. Alipotaka kuizima kamera akaongeza, "Mtu wangu alijua akaninyamazia. Nami nilihisi joto la laptop nikaliita dogo."

Video ilisambaa. Lakini watu wa Labasa, Ba na Savusavu walipoandika maoni chini yake, wengi walisema wameshapigiwa simu tangu asubuhi. *"Kuna kaka wa dukani kanipigia, anaitwa Isikeli, kaniambia niitoe ndani ya nyumba kwanza ndipo aongee."* Mwingine: *"Na mimi. Alikuwa analia."* Jumatatu kampuni ilimfukuza Keli kwa kuwapigia wateja bila ruhusa. Baadaye kidogo kampuni hiyohiyo ikatangaza kuwa Orela zote zirudishwe dukani.

Maca alisoma maoni yale peke yake chumbani, tena na tena. Hakumpigia.

Miezi ikapita, mkono wa Keli ukapona nusu. Siku moja mchana, mjomba wake, mzee Apenisa, alifika Nausori na Keli nyuma yake. Hawakubisha hodi kama wageni. Walikaa chini mlangoni, vichwa wameinamisha, na mjomba akatoa tabua, lile jino la nyangumi lenye kamba linalotolewa kuomba msamaha, akalishika kwa mikono miwili.

"Mama wa nyumba hii," akasema, "hatukuja na sababu, kwa sababu hatuna. Mtoto wetu aliyaweka maisha yako rehani kwa hofu yake. Tumekuja kuinama tu. Ukilipokea, tutashukuru. Usipolipokea, tutarudi nalo na hatutalalamika."

Bi Merewalesi aliliangalia lile jino.

"Mlangoni pale," akasema hatimaye, "alipita na moto mkononi. Angeutupa sakafuni nyumba ingekwenda, yeye angepona mkono. Nimelifikiria hilo. Na nimelifikiria lile lingine pia, la kunyamaza." Akanyoosha mikono, akalipokea tabua. "Nimesamehe. Ingieni ndani, mtapigwa na jua."

Mzee Apenisa akapiga makofi ya heshima. Ndipo wote wakamgeukia Maca, aliyekuwa amesimama mlango wa jikoni.

"Mama amekusamehe," akamwambia Keli. "Mimi bado naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa siku utakayoogopa tena. Hofu haijaisha duniani. Kuna siku mtoto ataugua, kuna siku utapoteza kitu, utaogopa. Utaninyamazia?"

Keli alifikiri kabla ya kujibu, na hilo Maca aliliona.

"Nitaogopa," akasema. "Siwezi kukuahidi sitaogopa. Ila nitakwambia nikiwa bado natetemeka. Sitangoja nitulie."

"Sasa hivi unaogopa?"

"Sana. Naogopa utasema hapana, na nauli ya kurudi sina, mpaka mjomba anilipie."

Bi Merewalesi akacheka kwa pua. Maca aliuma mdomo ili asicheke, ukamshinda.

"Leta pete," akasema. "Sijasema naivaa. Leta niishike mimi."

Keli akaitoa kwenye mfuko wa shati kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia vidole vilikuwa havijakunjika vizuri. Maca aliipokea, akaifumbata. Mama yake akaleta magimbi na samaki wa tui la nazi, wakaketi wote mkekani. Keli alihangaika na gimbi kwa mkono mmoja, likamponyoka, likarudi sahanini. Maca alimtazama kidogo, akaivaa pete ili mikono ipate nafasi, akavuta sahani ya Keli na kuanza kumkatia.