Barafu Iliyoushika Mlima

Kila asubuhi Bibiane alichemsha kahawa, akamimina vikombe viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili, chenye maziwa tele na kahawa ya kuhesabu matone, kilikuwa cha mumewe.

Mumewe alikuwa na umri wa miaka mitano, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa soksi za rangi mbili.

"Mzee wangu, kunywa kabla haijapoa."

"Bibi, leo nataka sukari mbili."

"Mbili tena! Hata zamani ulikuwa hivyo hivyo. Huambiliki."

Mtoto huyo aliitwa Tobiasine. Alizaliwa wiki tatu baada ya kufa babu yake, Tobias, akapewa jina lake. Hapa Paarnat, kijiji cha pwani katika nchi ya barafu, mtoto akipewa jina la marehemu, hupokewa kama marehemu mwenyewe amerudi. Akitaka jambo, ni vigumu kumkatalia. Nivi, binti wa Bibiane na mama wa mtoto huyo, alimwita "baba" siku za furaha, na "wewe mtoto" siku za hasira.

Bibiane alimpenda mtoto huyo mpaka akaumia. Kila alipomwita mzee wangu, alikumbuka neno ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Siku aliyokufa Tobias, makaa yalikuwa yamekwisha ndani. Tobias alikuwa amejinyoosha kwenye kiti. Mgongo ulimuuma.

"Nenda kaniletee gunia moja," Bibiane alimwambia. "Wageni wako njiani. Niwape kahawa baridi?"

Tobias alicheka, akachukua gunia na sururu. Alikwenda kwenye genge lililo ng'ambo ya ghuba, ambako mstari mweusi wa makaa ya mawe unaonekana katikati ya mchanga wa manjano. Wanaume wote wa Paarnat walichimba makaa pale. Kabla hajajaza gunia, mlima wa ng'ambo uliporomoka. Hawakupata hata kiatu chake.

Watu walidhani alikwenda kwa hiari yake. Bibiane aliwaacha wadhani hivyo. Miaka mitano alilibeba neno hilo peke yake, na halikupungua uzito.

Kiangazi kile, nyufa zilionekana juu ya mlima wa upande huu, juu kabisa ya nyumba zao. Serikali ya wilaya ikaita mkutano shuleni. Nyumba zote kumi na moja ziondoke, watu wahamie mjini kabla ya theluji. Nyumba kumi zilikubali, wengine huku wakilia. Bibiane alikataa.

"Nimemuuliza Tobias," alisema. "Hataki kuhama."

"Mama!" Nivi aliruka. "Huyo ni mwanangu! Hataki kuhama kwa sababu ya vitoto vya mbwa!"

"Kasema mwenyewe."

"Na mimi sitakuacha peke yako, unajua. Ukibaki, tunabaki watatu. Tukifa, tutakufa watatu. Ndivyo unavyotaka?"

Bibiane alisema moyoni: yumo mle mchangani, mimi nilimpeleka, sasa nimwache niende kustarehe mjini?

Severin, mdogo wake Tobias, alikuwa na ulimi mkali, na msiba ulikuwa umeuchongoa zaidi.

"Shemeji," alisema mbele ya watu, "kaka yangu aliuchokonoa mlima kwa sururu mpaka ukamrukia. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Na wewe sasa unautafuta wa kwako?"

Bibiane aliinuka, akamshika mtoto mkono, akatoka.

Kesho yake mtu aligonga mlango. Alikuwa Pipaluk, mwanamke aliyetumwa na serikali kuupima mlima. Alizaliwa kijiji cha jirani, akasomea mambo ya mawe. Viatu vyake vilijaa tope. Alivivua mlangoni bila kuambiwa.

"Sikuja kukusukuma uhame, mama," alisema. "Nimesikia harufu ya kahawa."

"Waongo wote huanza hivyo. Kaa."

Pipaluk aliketi. Alitoa mfukoni jiwe bapa, akampa mtoto. Jiwe lilikuwa limepasuliwa katikati kama mkate. Ndani yake kulikuwa na jani lililogeuka jiwe, pana kuliko kiganja cha mtu mzima, na mishipa yake yote ilionekana.

"Huu mti uko wapi?" mtoto aliuliza. Hakuwahi kuona mti mrefu kuliko magoti yake.

"Ulikuwa hapa. Miaka milioni mia moja iliyopita."

"Acha mzaha," Bibiane alisema.

"Sifanyi mzaha, mama. Zamani hizo dunia ilikuwa na joto. Majira ya giza, jua lisipochomoza, yalikuwepo, lakini barafu haikuwepo. Hapa ulipita mto mkubwa. Wakati wa mafuriko ulileta mchanga. Maji yalipotulia, tope laini lilizama juu ya mchanga. Mafuriko mengine, mchanga mwingine. Kando ya mto palikuwa na kinamasi chenye misitu. Miti ilianguka majini, ikafunikwa na tope kabla haijaoza. Ilikandamizwa kwa miaka mingi mno, ikawa makaa."

"Makaa haya ninayochomea ni miti?"

"Ni miti. Kisha bahari ilipanda, ikafunika kila kitu, ikashuka tena. Hiyo mistari unayoiona kwenye genge ndiyo matabaka hayo. La chini ndilo kongwe. Baadaye ardhi ilipasuka, ikatoa moto. Yale mawe meusi mlimani juu ni moto uliopoa. Ni mazito sana, na yamekalia mchanga na tope."

Bibiane alitazama dirishani. Mistari ile aliiona tangu utotoni, na hakuna siku aliyojiuliza imetoka wapi.

"Kama ni mchanga na tope, mbona haukuanguka zamani?"

"Nipe sinia," Pipaluk alisema. "Na uniruhusu kuchafua friza lako."

Walitandaza mchanga wa pwani kwenye sinia, wakapaka tope lenye maji, wakaweka mchanga tena. Wakalitia sinia ndani ya friza, juu ya nyama ya sili, mnyama wa baharini. Siku ya pili Pipaluk alirudi. Alilitoa sinia, akaliinamisha kwa kitabu kinene, akaweka sufuria ya chuma juu ya mchanga. Hakikutikisika chochote.

"Gumu kama jiwe," mtoto alisema.

"Barafu ndiyo imeushika. Sasa tunywe kahawa."

Walikunywa. Jiko liliwaka. Walizungumza habari za mbwa, na za Severin na ulimi wake. Walipofika kikombe cha tatu, tope lilianza kung'aa. Tone moja lilitiririka. Ghafla mchanga wa juu uliteleza pamoja na sufuria, ukaangusha vikombe, ukamwagika mapajani mwa Bibiane.

Mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Bibiane hakucheka. Alilitazama lile tope.

"Miaka hii joto linaongezeka," Pipaluk alisema taratibu. "Barafu iliyo ndani ya mlima inayeyuka. Ukianguka baharini, utainua wimbi. Mkiwa mnangoja mashua, kumbukeni haya. Mkisikia mlima unanguruma, mkiona vumbi, au mkiona bahari inarudi nyuma, msiende kuokoa mashua wala mbwa. Msishuke pwani kutazama. Kimbieni upande wa kanisa, kwenye mwamba mgumu, mpande juu kabisa."

"Nataka kukuuliza," Bibiane alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Gunia moja la makaa linaweza kuuangusha mlima?"

"Hapana, mama. Niliupima ule wa ng'ambo. Chini ya mchanga ule tope lilikuwa limelowa. Ungeanguka siku ile ile hata kama asingekuwepo mtu."

"Lakini yeye angekuwa nyumbani."

Pipaluk alipangusa mchanga mezani. Angeweza kumdanganya. Hakumdanganya.

"Ndiyo, mama. Angekuwa nyumbani."

Bibiane aliitikia kwa kichwa. Alikusanya vipande vya vikombe kimoja kimoja.

"Siku ile hamkujua," Pipaluk alisema. "Hakuna aliyejua. Leo unajua."

Pipaluk alipoondoka, Bibiane alimwita mtoto, akamkalisha mbele yake.

"Mzee wangu, tunahama."

"Mimi sitaki! Nilishasema!"

"Umesema, nimekusikia. Safari hii sikufuati."

Mtoto alilia, akarusha soksi zake. Tangu azaliwe, bibi yake hakuwahi kumkatalia neno. Bibiane aliziokota soksi, akazitia ndani ya sanduku. Nivi aliporudi kutoka dukani alimkuta mama yake akifunga magodoro kwa kamba. Alivua koti, akashika ncha ya pili ya kamba.

Walikuwa wa mwisho kupanda mashua, wao na mbwa wao wote. Mashua ilipopita genge la ng'ambo, Bibiane alisimama. Nahodha alizima injini bila kuombwa. Watu wote walivua kofia, hata Severin. Bibiane alimwaga kikombe cha kahawa baharini, akaketi, akajifunika uso kwa shali.

Mjini walipewa vyumba viwili ghorofa ya tatu. Joto lilitoka ukutani, bila makaa. Bibiane hakuupenda mji. Asubuhi alitafuta bahari dirishani, akaona dirisha la jirani. Usiamini anayesema kuhama ni rahisi ukishaelewa sababu. Alielewa, na bado alidhoofika.

Mwezi wa Novemba, saa sita mchana, mlima wa Paarnat ulianguka. Wimbi lilipita juu ya shule, juu ya duka, juu ya nyumba zote kumi na moja. Helikopta ilipokwenda kutazama, ilikuta mchanga, barafu na mbao. Watu wa Paarnat walikuwa arobaini na watatu. Wote arobaini na watatu walikuwa mjini, wazima.

Walikusanyika kwa Bibiane, wakajaa mpaka kwenye ngazi. Wengine walicheka, wengine walilia, wengine walifanya yote mawili. Severin alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shemeji," alisema. "Siku ile shuleni nilisema maneno ya kipumbavu."

"Ulisema. Ingia ndani, unaleta baridi."

Wageni walipopungua, Bibiane alimkosa mtoto. Alimkuta chini ya meza, amejikunja.

"Mzee wangu, unalia nini? Tumepona sote."

"Ni mimi niliyesema tukae," mtoto alisema kwa kwikwi. "Kama ungenisikiliza, mama angekufa. Na wewe ungekufa. Ni mimi."

Bibiane aliingia chini ya meza, magoti yakamlia.

"Ulijua kwamba mlima utaanguka?"

"Sikujua."

"Basi huna kosa. Asiyejua hana kosa."

Maneno yale yalimrudia mwenyewe. Alimtazama mtoto, akaona macho yale yale ya yule mtu aliyecheka na kuchukua gunia.

"Mzee wangu, nami nina neno. Siku ile ni mimi niliyekutuma makaa. Mgongo ulikuuma, nami nikakutuma."

Mtoto alifikiri. Alifuta kamasi kwa mkono wa sweta.

"Ulijua kwamba mlima utaanguka?"

"Sikujua."

"Basi usilie, bibi."

Lakini Bibiane alilia. Alilia kwa sauti, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, na Nivi, aliyekuwa amesimama pale akisikia yote, alikuja akaketi sakafuni, akawashika wote wawili.