Mama Mkwe Aliingia Bila Viatu

Kli.

Chuma kimegusa chuma. Taratibu, kama mtu anayejizuia asisikike.

Nikafumbua jicho moja. Alfajiri, giza tupu ndani ya hema. Na kuna mtu ameinama kwenye jiko letu.

Mbwa hakubweka. Kwa hiyo ni mtu anayemjua...

Jamani, mwenzenu nilitaka kupiga kelele, nikajizuia. Binti yangu Namuun, miaka minne, amelala kwapani mwangu. Mume wangu Tulga yuko mgodini kusini, harudi mpaka wiki mbili zipite.

Mtu yule akageuka. Mwanga wa makaa ukampiga usoni.

Mama mkwe. Mama Dulmaa.

Hakuwa na viatu. Soksi tupu, kama mwizi. Akanyata mpaka kitandani, akanyoosha mkono... akauweka puani kwa mwanangu.



Akakaa hivyo kidogo. Kisha akatoka.

Ngoja niwaeleze kwa nini niliogopa hivyo. Hema lake, la sufi nene na mlango wa mbao kama letu, liko hatua kumi na tano kutoka letu, ndani ya uzio mmoja, huku kilimani, pembeni mwa jiji la Ulaanbaatar. Zamani alikuja kwangu kila asubuhi kunywa chai. Mpaka nilipobatizwa.

Kwa wazee wetu moto wa jiko ni kitu kitakatifu, hautupiwi taka. Basi mimi, wokovu una wiki mbili, nikachukua maganda ya vitunguu na nywele za kwenye kitana, nikavitupa motoni. Mbele yake. Makusudi.

"Moto huo ndio uliomlea mumeo," alisema.

"Mama, mimi niko huru. Miiko yenu hainifungi tena."

Akaweka bakuli chini, chai imefika nusu, akaondoka. Mwezi mzima hakukanyaga kwangu.

Sasa leo anakuja gizani, kwa kunyata?

Na ilikuwa siku ya tatu naamka kichwa kinapasuka. Namuun naye alikuwa ametapika jana yake. Kulipokucha nikampigia Tsendee, mwenzangu wa kanisani.

"Shoga, huyo kaenda kwa mganga," akasema. "Anawatilia kitu motoni."

"Hawezi, Tsendee. Ni mjukuu wake."

"Na ule mkono puani kwa mtoto, alikuwa anampima joto? Funga mlango wako."

Nikafunga.

Usiku huo baridi ilifika digrii thelathini na tano chini ya sifuri. Nikajaza makaa, nikafunga kilango cha bomba la moshi kama kawaida yangu ili joto lisitoroke, nikapitisha komeo. Nikaomba, nikalala.

Niliamshwa na mlango ukisukumwa.

"Undrakh. Fungua."

Nikavuta blanketi.

"Undrakh, mwanangu, fungua."

Nikasema moyoni, sifungui ng'o.

Hatua zikatoka mlangoni.

Kisha juu, kwenye paa, kitu kikaanza kuburutwa... Anavuta kamba ya kifuniko cha tundu la paa! Nikaona nyota za angani. Baridi ikatumwagikia kama maji ya ndoo.

Anataka tugande, nikawaza. Nikataka kuinuka nimfunike mwanangu.

Miguu haikuja.

Nikamtikisa Namuun. Hakuamka. Nikamtikisa tena, kichwa kikalala upande wa pili kama cha mwanasesere.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nimemfungia nje mtu, nikajifungia ndani na kifo.

Shoka likalia mlangoni. Moja. Mbili. Tatu...

Nilizinduka nje, kwenye theluji, natapika. Mama Dulmaa amemkumbatia Namuun ndani ya koti lake, anamsugua mgongo.

"Lia," anamwambia. "Lia kidogo tu, bibi akusikie."

Wasomaji wangu, msiniulize ilikuwa muda gani. Mimi niliona mwaka.

Namuun akalia.

Zahanati walisema ni sumu ya makaa, moshi usipopata pa kutokea. Kuumwa kichwa, kutapika, yote ni hayo hayo. Mganga alikuwa mimi mwenyewe, na mkono wangu kwenye bomba.

"Unafunga makaa hayajaisha kuwaka," Mama Dulmaa alisema tuliporudi, wala hanitazami. "Tangu Tulga aondoke. Naamka kwenda chooni, natupa jicho kwenye bomba lenu, moshi hautoki. Naingia nafungua. Nasikiliza pumzi za mtoto, naenda zangu."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ulishasema hutaki miiko yangu. Nikuongezee mwingine?"

"Na viatu?"

"Vinalia kwenye theluji. Kutwa uko na mtoto, jioni uko darasani, unasoma. Nikuamshe ili iweje?"



Kuna mstari nilioukariri siku ya ubatizo wangu. Nilishika nusu ya kwanza, ile ya kuitwa tuwe huru. Nusu ya pili, ya kutumikiana kwa upendo, niliiruka. Uhuru wangu niliufanya fimbo ya kumchapia mzee, na mzee ambaye hajawahi kuingia kanisani akaiishi nusu niliyoiruka. Kwa soksi.

Sijarudi kwenye kuabudu moto, msinielewe vibaya. Nikitaka kutupa maganda motoni, niko huru. Ila siku hizi nayabeba mpaka jalalani, maana kuna mtu yanamuumiza. Ukiwa huru kweli, kuinama hakukupunguzii kitu.

Asubuhi ile nilichemsha maji, nikapoza, nikapiga magoti mbele yake. Vidole vya miguu yake vilikuwa vyeupe kwa baridi.

"Acha, mwanangu. Miguu ya kizee inanuka."

"Inuke tu, Mama."

Nikaosha kidole kimoja kimoja. Alitazama pembeni.

Namuun akaja na kile kitaulo chake, akachuchumaa karibu yangu. Akaitazama ile miguu kwa muda mrefu.

"Bibi, kesho uje na viatu."