Mzunguko wa Maji Mbele ya Bangwe

Injini ilikohoa, ikazima, na upepo wa kusini ukaigeuza boti ubavu kabla Nickson hajaivuta tena kamba ya kuwashia. Wimbi la kwanza likaingia. Sia alidaka dumu lililokatwa akaanza kukumba maji, macho yakiwa kwenye mikono ya mwenzake. Nickson ndiye aliyejaza mafuta asubuhi ile ufukweni Bangwe, peke yake, wakati Sia akipakia maboya ya kupimia mikondo.

Siku hizo hawakuwa wakisemezana vizuri. Wote walikuwa watafiti, wageni Kigoma, na kazi yao ilikuwa modeli ya kompyuta ya kukisia maji ya ziwa yatampeleka wapi mvuvi aliyepotea. Sia alitaka kiwango cha maji kuchanganyika kifuate mwendo wa maji yenyewe: kiongezeke pale mikondo inapovutana, kishuke palipotulia. Nickson, bila kumwambia, akarudisha namba moja isiyobadilika kwa ziwa zima, eti kompyuta ilikuwa inachelewa. Kwa namba hiyo, mizunguko ya maji ilififia kwenye ramani mpaka ikapotea. Sia aligundua juzi, na tangu hapo hakumwamini kwa lolote.

Injini ilikataa katakata. Milima ya Kigoma ikawa mstari wa buluu, kisha haikuonekana. Maji ya kunywa hayakuwa shida, ziwa lenyewe linanyweka. Shida ilikuwa baridi, na ufa uliofunguka karibu na mkuku, ule uti wa chini wa boti. Nickson alipiga kasia kuelekea mashariki mpaka viganja vikachubuka. Sia alivifunga kwa kipande cha khanga, akamwambia anajichosha bure. Waache maji yawachukue. Huku kulikuwa na mzunguko utakaowapandisha kaskazini na kuwarudisha.

"Mzunguko huo uko kwenye modeli yako tu," Nickson alisema.

"Kwenye yako umeufuta."

Usiku walipokezana dumu, kila mmoja akiogopa kusinzia mbele ya mwenzake.

Kulipopambazuka, Sia alimwona akificha kifaa cha GPS ndani ya koti. Akamnyang'anya. Njia yao ilikuwa imekwenda magharibi, ikapinda kaskazini, na sasa ilielekea mashariki.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu usiku. Nilidhani umekichezea."

Kumbe Sia naye alikuwa akichungwa.

Milima ilipotokea, mwendo wa maji ulianza kupungua. Wasipotoka hapo, mzunguko ungewarudisha tena katikati. Wakapiga kasia pamoja, Sia upande wa kushoto akitumia ubao wa kiti, bila kupumzika, mpaka boti ikakwaruza mchanga wa kijiji cha Mtanga, kaskazini mwa Kigoma. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliwakimbilia, na mmoja wao, Genoveva, akawanywesha uji kama watoto.

Jeremia, fundi wa injini wa hapo kijijini, alikinga mafuta ya injini kwenye chupa. Chini kulikuwa na maji. Alisema wiki hiyo boti kadhaa zimeletwa kwake na ugonjwa huohuo. Mafuta yaliuzwa hivyo, yakiwa na maji tayari.

"Ulidhani ni mimi," Nickson alisema.

"Mpaka sasa hivi."

Nickson alitazama viganja vyake vilivyofungwa. "Mafuta sikuyagusa. Namba niliigusa. Tukifika Kigoma nitaitoa mwenyewe, nawe ukae pembeni uone."

"Nitakaa," Sia alisema, akimsogezea kikombe cha uji kilichobaki. "Na nitaangalia kila mstari."