Mgeni wa Nelius

"Andika hapo, kijana. Jina, klabu, kazi. Safu ya mwisho usiiguse, hiyo ni ya mwenyeji wako."

Mzee Murithi, nahodha wa klabu ya gofu, alisukuma kitabu cha wageni mezani. Ilikuwa Jumamosi, siku ya wageni hapo Meru, na Kithaka alikuwa ametoka Runyenjes alfajiri, begi la fimbo begani. Hakufuata gofu tu. Nelius, binti wa mzee huyu, alikuwa amemwambia: "Baba hamjui mtu mpaka acheze naye. Mkimaliza mashimo tisa, mwambie unataka kuleta wazee nyumbani kuniposa."

Akaandika jina. Akaandika klabu: Embu. Alipofika kwenye kazi, simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa Nelius:

"Andika meneja wa kiwanda cha majani chai. Ndivyo nilivyomwambia baba. Tafadhali K, usiniaibishe mbele ya Carol."

Akainua macho. Nelius alisimama dirishani na rafiki yake Carol, kikombe cha chai mkononi, akitazama nje kana kwamba hamjui.

Walikuwa wamependana miaka miwili. Miaka hiyo yote Nelius alijua kwamba Kithaka hukata nyasi za uwanja wa gofu kule Embu, na kwamba kila Jumatatu wafanyakazi huruhusiwa kucheza. Ndivyo alivyojifunza. Cheti chake cha kiwango cha uchezaji kilikuwa halali kama cha daktari yeyote aliyecheza pale. Hakuwahi kufikiri kwamba yeye ni mtu wa kufichwa.

Akairudisha simu mfukoni. Akaandika: Mkata nyasi.

Carol alikuwa amesogea kuchungulia.

"Ati mkata nyasi? Nelly, si ulituambia ni meneja? Ama ni meneja wa mbuzi?"

Watu wawili watatu wakacheka.

"Dada," Kithaka akasema, "hiyo nyasi unayoringia hapo nje haikujikata."

Kicheko kikakatika. Mzee Murithi aligeuza kitabu, akasoma polepole, akavua miwani.

"Mwenyeji wa mgeni huyu ni nani?"

Mzee aliwatazama mmoja mmoja.

"Nauliza kwa sababu ndiyo sheria yetu. Mgeni asiye na mwenyeji hachezi. Na mwenyeji hujibia kila kosa la mgeni wake, awe ndani ya uwanja au nje."

Kithaka alimtazama Nelius. Nelius alitazama kikombe.

"Basi, mzee," Kithaka akasema, "nafikiri nilikosea njia. Nilidhani nimealikwa."

Akatupa begi begani. Hatua ya kwanza, ya pili. Alikuwa ameshashika mlango.

"Kithaka, ngoja."

Hakugeuka. Alisikia kikombe kikiwekwa chini kwa pupa, kisha viatu vikija mbio mpaka mezani.

"Nipe kalamu, baba."

"Nelly, fikiria," Carol akanong'ona. "Watu watasemaje?"

"Waseme. Baba, aliyekudanganya ni mimi. Yeye hajakudanganya hata neno moja. Kama kuna kosa la kujibia leo, ni langu."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Kithaka akageuka, akarudi mezani. Safu ya mwisho ilikuwa na jina zima: Nelius Mukami Murithi, na sahihi chini yake.

Mzee alivaa miwani tena.

"Vizuri. Nilipiga simu Embu juzi. Kila mgeni, klabu yake hupigiwa. Wakaniambia meneja wa chai hawamjui, lakini wana Kithaka mmoja, na bila yeye uwanja wao ungekuwa malisho."

"Ulijua!" Nelius alishika mdomo. "Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nangoja kuambiwa na mtoto wangu." Akamgeukia Kithaka. "Nyasi ya shimo letu la tatu inakufa na hatujui inauawa na nini. Tukifika hapo, utanieleza. Na kama umekuja na mengine ya kuleta wazee, tuyazungumze shimo la tisa."

"Sawa, mzee."

Walitoka nje. Nelius alimfuata, macho yamelowa.

"K, umenisamehe?"

"Bado."

"Nifanye nini? Nikubebee begi? Nitalibeba mashimo yote tisa, hata Carol akipiga picha."

Kithaka aliliweka begi vizuri begani. Hasira ilikuwepo bado, lakini ilikuwa imekaa chini.

"Begi nimelizoea," akasema. "Wewe tembea kando yangu. Mahali watu wanaona."

Nelius akaja, akashika mkono wake wenye sugu mbele ya dirisha lililojaa watu.

"Haya, nyinyi!" mzee akaita kutoka shimo la kwanza. "Hapa kwetu mgeni hutangulia kupiga!"

Kithaka alichagua fimbo. Kabla ya kupiga aliinama, akaipapasa nyasi kwa kiganja.

"Mnaikata fupi mno, mzee," akasema, kisha akapiga.